Chokaa, uzi na mahindi: shajara ya mgao Alta Verapaz

Jumamosi, 14 Novemba 2020. Cobán

Tumeingia saa mbili usiku, wote salama, mzigo haujaloa. Kutoka mji mkuu wa Guatemala hadi Cobán, mji mkuu wa mkoa wa Alta Verapaz, ni kilomita 215 hivi, na siku za kawaida ni safari ya saa tano. Leo imetuchukua kumi na moja. Kuna mahali barabara imebaki nusu, nusu nyingine imeshuka bondeni pamoja na lami yake, na magari yanapita kwa zamu huku kijana wa kijiji akipunga kitambaa chekundu. Hakuna aliyemtuma. Madereva wanamwachia quetzal (pesa ya hapa) moja moja, naye anashukuru kila mmoja.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu sehemu kubwa ya mchango huu kwa waliokumbwa na mvua imetoka kwa ndugu na marafiki walioko Tanga na Muscat, na wana haki ya kujua kila senti imefika wapi.

Kwa ambao hawakufuatilia: kimbunga Eta kilipiga pwani ya Nicaragua tarehe 3 Novemba, kikadhoofika, kisha mvua yake ikaja kukaa juu ya milima hii siku baada ya siku. Tarehe 5, mlima ulio juu ya kijiji cha Quejá, wilaya ya San Cristóbal Verapaz, ulimeguka ukazifunika nyumba na watu wake mchana. Utafutaji umesitishwa kwa sababu ardhi bado inatembea. Wengi wamebaki chini.

Kundi letu ni watu sita. Hatuwezi kuhudumia mkoa mzima, na hatutajifanya tunaweza. Tunabeba vitu vya nyumbani kwa familia 90 za mafundi wa mikono ambao tumekuwa tukinunua kazi zao kwa miaka kadhaa: wafumaji wa Ki-Q'eqchi' wa San Juan Chamelco na Campur, na watengeneza kamba wa Ki-Poqomchi' wa San Cristóbal. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, na mtu wa hizi mbili hamwelewi mwenzake bila mkalimani. Familia hizi zilikuwa hazijauza kitu tangu Machi. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa sababu ya korona hadi Septemba, watalii hawakuja, maduka hayakuagiza. Mvua imewakuta mfukoni hamna kitu.

Jumanne, 17 Novemba. Cobán

Jana usiku kimbunga cha pili, Iota, kimeingia Nicaragua karibu palepale Eta ilipoingia. Wiki mbili tu zimepita kati yao. Hapa mvua haijakatika tangu alfajiri. Watu wa Cobán wana jina la manyunyu yao ya kila mwaka, chipichipi, yale ya kulowesha nywele bila kumzuia mtu kwenda sokoni. Hii si chipichipi. Hakuna lori litakalotoka leo.

Basi tukaitumia siku kufungua furushi la mfano. Mwalimu anayetutafsiria alikuja na mama mmoja wa makamo, kiongozi wa wafumaji 23 wa Chamelco. Hapa mwanamke wa kuheshimiwa huitwa qana', yaani mama yetu, na mwanamume qawa', baba yetu. Salamu haiharakishwi. Mtu anakuuliza kama moyo wako una furaha, unamjibu, unamuuliza na wewe, ndipo mazungumzo yanaanza. Kwa mtu aliyelelewa na shikamoo, hilo halikunipa taabu.

Qana' alitoa vitu kimoja kimoja akavipanga mezani. Tambi, makopo ya samaki, unga wa ngano, mchele, dawa ya meno, mahindi. Alichota mahindi kiganjani, akanusa, akayarudisha. Akauliza kitu kifupi. Mwalimu akatutafsiria:

“Mama anauliza, chokaa iko wapi?”

Hatukuwa na chokaa. Hakuna kati yetu sita aliyeifikiria, na orodha ile ilikuwa imepita mikononi mwa kila mmoja wetu.

Hapa mahindi hayasagwi makavu kama yetu ya ugali. Huchemshwa na chokaa, hulazwa usiku kucha, asubuhi huoshwa hadi ganda litoke, ndipo husagwa yakiwa mabichi kuwa donge la kupigia tortila, mkate bapa wa mahindi. Bila chokaa donge halishikani. Na kuna sababu nyingine, kubwa kuliko hiyo: chokaa ndiyo inayoifungua niasini, aina ya vitamini, iliyomo ndani ya mahindi ili mwili uipate. Wamaya na majirani zao walilijua hili kwa vitendo tangu kale. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila maarifa ya chokaa, maskini walioyala peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Sisi tulikuwa karibu kurudia kosa hilohilo, tena kwa watu walioligundua jibu.

Kisha qana' akauliza kuhusu uzi. Hapo tukabishana wenyewe kwa wenyewe, na naandika ubishi huo kwa sababu ulikuwa wa kweli. Mwenzetu mmoja alisema uzi si msaada wa dharura, watu wapate kula kwanza, kufuma baadaye. Hoja yake ina uzito. Lakini qana' alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba po'ot, blauzi ya kufumwa wanayovaa wanawake wa hapa, ikikamilika inalipa mahindi ya miezi. Uzi uliokuwa ndani ya nyumba umeharibika. Mahindi yetu yataisha Januari. Baada ya hapo mume atakwenda kutafuta kibarua mashamba ya pwani, na binti mkubwa atapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. “Mkileta uzi,” alisema, “binti yangu anabaki.”

Tumeamua hivi: tambi, makopo na unga wa ngano vinaondoka, tutavipeleka kwenye kambi ya waliohamishwa mjini ambako wanapika pamoja. Mahali pake panaingia chokaa, komali (bamba la kuchomea tortila) na uzi.

Alhamisi, 19 Novemba. San Pedro Carchá

Siku ya soko na ununuzi. Furushi jipya la kila familia: mahindi pauni 50 (hapa kila kitu ni pauni, na pauni 100 ni kintali moja), maharage meusi pauni 15, chokaa pauni 4, chumvi, sukari, mafuta, sabuni za mche, sufuria kubwa ya kuchemshia mahindi, komali ya kuchomea tortila, ndoo mbili zenye mifuniko, mablanketi mawili, turubai moja, barakoa kumi. Komali za udongo ndizo wanazozipenda, ila hazitavumilia njia. Tumechukua za bati kwa fundi mmoja aliyezikata mbele yetu.

Uzi ndio umetuumiza. Muuzaji aliyetuahidi uzi mwembamba mweupe wa pamba alileta maboksi yenye lebo ya pamba. Mwalimu alivuta nyuzi mbili, akaomba kiberiti. Pamba ikiungua inatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi. Hii ilijikunja, ikayeyuka, ikaacha kipunje cheusi kigumu kama kichwa cha pini. Plastiki. Tumeirudisha yote, pesa zimerudi baada ya mabishano marefu, lakini siku mbili za maandalizi zimepotea na uzi sahihi itabidi uagizwe kutoka mji mkuu. Nina hasira, na nadhani ni haki yangu. Kama si kiberiti cha mwalimu, wanawake 61 wangepewa uzi usiofumika nasi tungepiga picha na kuondoka.

Jumanne, 24 Novemba. San Cristóbal Verapaz

Familia 29, zote zimepata. Baadhi ni wakazi wa vijiji vya mlimani waliokimbia kabla ya ardhi kumeguka na sasa wanalala kwa jamaa, nyumba moja familia tatu. Baraza la maendeleo la kijiji, linaloitwa COCODE, lilikuwa na orodha yake iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule: majina, idadi ya watoto, nani mjamzito, nani mjane. Orodha yetu ya kompyuta ilikuwa na makosa manne. Tulifuata daftari.

Hakukuwa na foleni. Watu waliketi kwa familia kwenye mabenchi ya kanisa, jina likiitwa mtu anakuja, anahesabiwa vitu vyake mbele ya wote, anatia dole gumba. Kwa muda wa saa tatu, kazi ikaisha.

Uani, wazee watatu walikuwa wamekaa na majani ya magei. Nilisimama. Jani nene la kijani limelazwa juu ya ubao ulioinama, mzee ameushika ubao mwingine wenye makali kwa mikono miwili, anausukuma kutoka kifuani kwenda chini, nyama ya jani inachuruzika kama ute, na chini yake zinatokea singa nyeupe, ndefu, zenye mng'ao. Ile harufu ya uchachu! Ni harufu ya Korogwe, ya Muheza, ya korona, zile mashine za kuchakata mkonge, na magari ya katani utotoni mwangu.

Kwa sababu ni ndugu wa damu. Magei na mkonge ni ukoo mmoja wa agave. Mkonge wetu umetoka Yucatán huko Mexico, ardhi nyingine ya Wamaya kaskazini ya hapa; hata jina la Kiingereza la mkonge ni jina la bandari ya Sisal iliyoko huko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote ya Tanga, manamba, reli, vijiji vilivyozaliwa kando ya mashamba, vilianzia kwenye miche ile. Nilimweleza mzee kupitia wakalimani wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishikisha fungu la singa, akanionyesha namna ya kuzisokota juu ya paja. Nilisokota kama shibiri mbili. Aliikagua kamba yangu kwa makini, akaifumua, akaniambia nianze tena.

Kamba hizi ni vyombo vya nyumbani kama sufuria. Neti za kubebea magunzi, ukanda wa kipaji cha uso unaobeba kuni na mahindi mgongoni, bembea wanamolazwa watoto. Wanaume wanne walisema mapanga yao yamezikwa na nyumba. Tumewanunulia mapanga manane mjini jioni hii kwa akiba ya usafiri, na mawe ya kunolea.

Ijumaa, 27 Novemba. Ukingo wa Campur

Hili ndilo gumu kuliko yote.

Campur ni mji mdogo wa wilaya ya San Pedro Carchá, katikati ya vilima vya chokaa. Bonde lake halina mto wa kutolea maji. Maji ya mvua huzama kwenye mashimo ya ardhini, wenyewe wanayaita siguán, yakapita ndani ya mlima na kutokea kwingine. Mvua ya Eta ilikuwa nyingi kuliko koo za mashimo hayo, na takataka zikayaziba. Bonde likajaa. Likaja Iota, likajaa zaidi. Leo, wiki tatu baadaye, kutoka mahali lori liliposimama naona ziwa, na juu ya ziwa naona mabati ya mapaa. Mitumbwi inapita juu ya barabara. Maji yametulia kabisa, ya kijani, na hilo ndilo lililonikaba: hayana fujo yoyote, yamekaa tu juu ya nyumba za watu.

Qawa' mmoja mzee alimwambia mwalimu kwamba njia ya maji iko ndani ya mlima, na mlima una mwenyewe, Tzuultaq'a, bwana wa milima na mabonde, ambaye Wa-Q'eqchi' humwomba ruhusa kabla ya kupanda mahindi. Wazee wamewasha mishumaa na kufukiza pom, ubani wao, kwenye mdomo wa pango. Mafundi nao wanatafuta namna ya kulizibua shimo lilelile.

Miteremko ya juu imejaa iliki. Wengi wetu hatujui kwamba Guatemala ndiyo inayouza iliki nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na kwamba nyingi inakwenda Ghuba kwenye vikombe vya kahawa. Enyi wa Muscat, mnaoinywa asubuhi: huenda imevunwa na mikono niliyoishika leo. Huu ni msimu wa kuvuna. Iliki mbichi isipokaushwa haraka inaoza, na tanuri za kukaushia ziko chini ya maji.

Tulikuwa tumepangiwa familia 38. Zimefikiwa 31 zilizopata hifadhi upande huu. Saba ziko ng'ambo, na mwenye mtumbwi mkubwa alikataa kubeba magunia upepo ulipoanza. Alikuwa sahihi. Hatukumshawishi.

Mama mmoja kijana alikuwa amekimbia na mtoto kifuani na kitanda chake cha kufumia mgongoni. Ndiyo, kitanda. Cha hapa hakina fremu: ni vijiti, kamba ya kufunga mtini, na ukanda wa kiunoni, mfumaji mwenyewe ndiye anayeuvuta mtande, yaani nyuzi za urefu, kwa mwili wake. Kikikunjwa kinakuwa kama mkeka. Alikikunjua kuonyesha kazi iliyofikia nusu. Kilikuwa kitambaa cheupe juu ya cheupe, chepesi kama chandarua, chenye ndege na mimea inayoonekana tu ukikielekeza kwenye mwanga. Wanakiita pikb'il, na ni kazi ya mkoa huu. Nusu ya chini imekuwa rangi ya chai kwa tope. Amekifua mara tatu. Aliuliza kama kuna sabuni ya kuondoa rangi ile bila kula uzi, na hakuna kati yetu aliyejua. Nimelibeba swali hilo mpaka Cobán.

Jumamosi, 5 Desemba. San Juan Chamelco

Uzi umefika, safari hii umechomwa kiberiti kabla hatujalipa. Pauni mbili kwa kila mfumaji. Familia 23 za qana' zimepata kila kitu, na wa Campur tumewaachia uzi wao kwa COCODE, umesainiwa.

Qana' hakusubiri tuondoke. Alichota maji yaliyochanganywa na donge la mahindi, meupe kama uji mwepesi, akazamisha mafungu ya uzi, akayakamua, akayatundika kwenye fito. Uzi mwembamba hivi hukatika ukivutwa mkavu. Wanga wa mahindi ndio unaoupa nguvu ya kuwa mtande. Nikaelewa kwa nini siku ile mezani aliuliza vitu viwili kwa pumzi moja. Mahindi yaleyale yaliyopikwa kwa chokaa yanalisha watoto na yanalisha uzi.

Uzi ukakauka karibu na moto. Akafunga kamba kwenye nguzo ya baraza, akaupitisha ukanda nyuma ya kiuno, akapiga magoti, akaegemea nyuma mpaka mtande ukanyooka ukalia kidogo. Upanga wa mbao ukaingia kati ya nyuzi, akaupiga mara mbili. Mshindio wa kwanza, uzi wa kukatiza mtande. Hapo mikono yake haikuwa na habari nasi tena.

Nilimuuliza kuhusu tope la Campur. Alisema maji ya jivu, yaliyochujwa mara mbili, kisha jua la asubuhi tu, si la mchana. Mwalimu amempigia simu mama yule papo hapo.

Jumamosi, 12 Desemba. Cobán

Hesabu mpaka leo: familia 83 kati ya 90 zimepokea furushi kamili. Sabuni zilipungua San Cristóbal, tumezifidia. Komali mbili zilipinda njiani, fundi amezinyoosha bure.

Maji ya Campur bado yapo. Mwenye mtumbwi amesema Jumatano alfajiri, kabla ya upepo, atabeba magunia kwa safari tatu, na ameomba tuyapunguze yawe ya pauni 25. Leo tumeshinda tukifungua na kushona upya magunia saba kuwa kumi na manne. Chokaa iko kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu ikiloa ndani ya mtumbwi itaunguza mikono ya wapiga kasia.

Mama wa kitambaa cha rangi ya chai ametuma ujumbe wa sauti. Sehemu ya juu imetakata. Ya chini bado, anaifua tena Jumatatu jua likitoka.